Dar es Salaam hadi Jeddah: Umbali, Saa za Ndege na Hesabu ya Mwenye Kuhiji

 

Ndugu msomaji, kila unapokaribia msimu wa Hija, na siku hizi hata katika miezi mingine ambayo watu huenda Umra, swali moja hujirudia katika majumba yetu: kutoka hapa hadi Jeddah ni mbali kiasi gani, na ndege huchukua saa ngapi? Anayeuliza mara nyingi ni kijana anayemsafirisha mama yake, au mzee mwenyewe ambaye hajapata kupanda ndege maishani. Jibu analopewa huwa fupi: saa nne. Jibu hilo si la uongo, lakini halimtoshi mwenye kuhiji, kwa kuwa hukumu nyingi za ibada ya msafiri hazikufungwa kwenye saa, bali kwenye umbali na mahali. Anayejua saa tu, asijue ndege inapita wapi na lini, anaweza kufika Jeddah akiwa na deni la kuchinja mnyama, au akiwa amepitwa na sala ya Alfajiri, naye hana habari. Kwa sababu hiyo tumeona leo tulieleze jambo hili kwa urefu kidogo.

Miji miwili juu ya mstari mmoja

Tuanze na umbali wenyewe. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, uko karibu nyuzi 6.9 kusini mwa Ikweta, na longitudo yake ni nyuzi 39.2 mashariki. Uwanja wa Mfalme Abdulaziz wa Jeddah uko karibu nyuzi 21.7 kaskazini mwa Ikweta, na longitudo yake ni hiyo hiyo, nyuzi 39.2 mashariki. Mwenye kukumbuka jiografia ya shule ataliona ajabu lake mara moja: miji hii miwili imekaa juu ya mstari mmoja wa kaskazini na kusini, na tofauti yao upande wa mashariki na magharibi haizidi kilomita chache tu.

Basi hesabu yake haihitaji mtaalamu. Mtoto wa darasa la saba anaweza kujumlisha 6.9 na 21.7 akapata nyuzi 28.6, kisha akazidisha kwa kilomita 111, ambazo ndizo urefu wa uzi mmoja wa latitudo kwa kukadiria. Atapata kilomita 3,170 na ushei. Kwa kuwa dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake, na uzi mmoja karibu na Ikweta ni mfupi kidogo kuliko 111, umbali halisi ni takriban kilomita 3,160. Hiyo ni karibu mara tatu ya safari ya barabara kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza.

Na tusidhani kwamba kupima dunia kwa njia hii ni elimu ngeni kwetu. Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala Baghdad kuanzia mwaka 813 hadi 833, aliwatuma wanafalaki wake katika uwanda wa Sinjar, Iraki, wakatembea moja kwa moja kaskazini na kusini huku wakipima kimo cha nyota ya kaskazini mpaka ikabadilika kwa uzi mmoja, ndipo wakajua urefu wa uzi huo juu ya ardhi. Njia ya ndege ya Dar es Salaam na Jeddah ni kama kipimo chao kilichorefushwa mara ishirini na nane na nusu.

Tuufuate basi mstari huo juu ya ramani. Ukitoka Dar es Salaam unapita juu ya mji wa Unguja, kisha mkondo wa bahari wa Pemba, kisha unagusa pwani karibu na Vanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Unapita nyuma ya Mombasa na katika nyika za Tsavo, unakaribia Moyale, unaingia Uhabeshi na kupita karibu na mji wa Adama, upande wa mashariki wa Addis Ababa. Mbele yake ni milima ya Tigray, halafu Eritrea, kati ya Asmara na bandari ya Massawa, halafu maji ya Bahari ya Sham mpaka Jeddah. Ndege haifuati mstari huu kwa unyoofu kamili, kwani anga nayo ina barabara zake na waongozaji wake, lakini haiendi mbali nao sana. Huko Tigray, si mbali na mstari huu, ndiko kilipo kijiji cha Negash, ambacho kwa mapokezi ya watu wa nchi hiyo ndipo walipokaa baadhi ya masahaba waliohamia Uhabeshi na alipozikwa Najashi. Wale walivuka bahari wakitoka Makka kutafuta usalama, karibu mwaka 615. Hujaji wetu anapita juu ya ardhi hiyo hiyo akielekea walikotoka, na pengine amelala.

Unyoofu wa njia hii una faida moja ambayo wengi hawaitambui. Makka iko mashariki kidogo tu ya mstari huo, kiasi kwamba kibla cha Dar es Salaam ni kaskazini kwa tofauti ya uzi mmoja na kidogo. Kwa hiyo katika ndege inayokwenda moja kwa moja, aliyekaa kwenye kiti chake akitazama mbele ameelekea kibla, kuanzia hapa hadi sehemu kubwa ya safari. Ni mwisho tu, ndege inapokuwa juu ya bahari na kuikaribia Jeddah, ndipo Makka inapohamia mkono wa kulia.

Saa nne zinatoka wapi

Ndege kubwa za abiria zikiwa angani hukimbia takriban kilomita 850 kwa saa. Ukigawanya kilomita 3,160 kwa 850 unapata kama saa tatu na dakika arobaini na tatu. Lakini ndege haianzi safari kwa mwendo huo, wala haimalizi nao. Inajikokota kutoka langoni hadi mwanzo wa njia ya kurukia, inapanda kwa muda, na mwishoni inashuka polepole, tena huenda ikazungushwa angani kusubiri zamu ya kutua. Wanaokokotoa muda wa safari za ndege huongeza nusu saa kwa ajili ya hayo, na ndipo tunapopata saa nne na robo hivi. Anayeona saa nne na nusu kwenye tiketi asishangae, kwani tiketi huhesabu tangu ndege inapoondoka langoni hadi inaposimama lango la pili. Upepo nao una neno lake, lakini katika njia ya kaskazini na kusini hupiga zaidi ubavuni, kwa hiyo kwenda na kurudi ni karibu sawa.

Yapo mambo yanayoweza kurefusha njia. Vita vya Tigray, kuanzia Novemba 2020 hadi Novemba 2022, vilifanya anga ya kaskazini mwa Uhabeshi ifungwe kwa muda. Vita vya Sudan vilivyoanza Aprili 2023 viliifunga anga ya nchi hiyo, na ndege zilizozoea kupita huko zikalazimika kuzunguka. Ramani haikubadilika hata kidogo, lakini saa ziliongezeka.

Hayo ni ya ndege inayokwenda moja kwa moja. Wengi wetu, kwa sababu ya nauli au nafasi, tunaunganisha ndege njiani. Hapa ndipo familia zinapaswa kutazama ramani kabla ya kulipa. Kupitia Addis Ababa, kutoka Dar es Salaam ni takriban kilomita 1,755, na kutoka hapo hadi Jeddah ni kama 1,405. Jumla yake ni ile ile 3,160, kwa sababu Addis Ababa imekaa karibu kabisa na mstari wetu. Kupitia Nairobi kunaongeza kilomita sitini hivi tu. Lakini kupitia Dubai ni kilomita karibu 3,950 za kwanza, kisha 1,700 za kurudi magharibi hadi Jeddah, jumla 5,650. Angani peke yake ni zaidi ya saa saba, mbali na masaa ya kukaa uwanjani kusubiri ndege ya pili, ambayo yanaweza kuwa mawili au kumi. Hatusemi njia hiyo isitumiwe, kwani huenda nauli yake ikawa nafuu. Tunachosema ni kwamba mzee wa miaka sabini na tano mwenye kisukari hasafiri kwa kilomita wala kwa nauli, anasafiri kwa saa anazokaa kitini na saa anazosubiri kwenye viti vya chuma, na anayemkatia tiketi ndiye mwenye kuziuliza.

Kusoma saa ya tiketi

Dar es Salaam, Nairobi, Addis Ababa na Jeddah zote zina saa moja ya ukutani. Ukitua Jeddah huna haja ya kugusa saa yako. Dubai imetangulia kwa saa moja. Hilo ni jepesi. Zito ni kwamba tiketi huandikwa kwa saa za mfumo wa kimataifa, na siku yake huanza saa sita usiku. Sisi Waswahili huhesabu saa tangu kuchomoza na kuzama kwa jua (na Wahabeshi wanahesabu vivyo hivyo), na sisi Waislamu tunauhesabu usiku kuwa mwanzo wa siku: usiku wa Ijumaa kwetu ni ule unaoingia kwa Magharibi ya Alhamisi. Tiketi iliyoandikwa Ijumaa 00:30 maana yake ni saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia Ijumaa. Anayesubiri hadi Ijumaa ipite, akafika uwanjani usiku wa kuamkia Jumamosi, atakuta ndege yake ilikwisha kuondoka siku iliyotangulia. Na aliyeona 02:00 akaisoma kuwa ni saa mbili, ajue ni saa nane usiku. Tunawaomba vijana wanaowakatia wazazi tiketi wawaandikie pembeni, kwa kalamu na kwa Kiswahili: "Alhamisi usiku, uwe uwanjani saa tatu."

Ingawa saa ya ukutani ni moja, nyakati za sala si moja. Adhuhuri ya Dar es Salaam na ya Jeddah huingia kwa tofauti ndogo mno, kwa kuwa jua linaivuka longitudo moja kwa wakati mmoja. Alfajiri na Magharibi hazifuati kanuni hiyo. Mwezi wa Juni, jua huchomoza Dar es Salaam yapata saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na Jeddah yapata saa kumi na moja na dakika arobaini. Hiyo ni karibu saa nzima mapema. Desemba mambo hugeuka, na Jeddah ndiyo inayochelewa. Tuchukulie ndege iliyoondoka saa nane usiku mwezi wa Juni, ikatua saa kumi na mbili na robo. Hujaji aliyejiambia kwamba atasali Alfajiri Jeddah, kwa kuwa nyumbani saa kumi na mbili na robo jua halijatoka, atakuta jua limeshapanda. Sala ya Alfajiri haijumuishwi na nyingine yoyote. Itamlazimu aisali ndani ya ndege kwa kadiri ya uwezo wake, na juu ya namna ya kuisali na kuirudia baadaye yapo maelezo ya masheikh ambayo ni vyema ayapate kabla ya kuondoka. Atie udhu kabla ya kupanda na ajitahidi kuuhifadhi, kwani foleni ya chooni alfajiri ndani ya ndege ya mahujaji ni ndefu.

Umbali ndio hukumu

Wapo wanaouliza: ikiwa safari ni ya saa nne tu, tena mtu amekaa kwenye kiti laini na chakula analetewa, je, bado ana ruhusa ya kukusuru sala? Ruhusa ya kukusuru imetajwa katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 101, na wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii waliipima safari hiyo kwa marhala mbili, yaani mwendo wa siku mbili wa msafara wenye mizigo, ambao leo hukadiriwa kuwa kilomita 80 hadi 90. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alikwisha kulitaja jambo hili katika Minhaj yake alipoeleza safari ya baharini: anayeukata umbali huo kwa muda mfupi mno, hata saa moja, bado anakusuru. Alikuwa akizungumzia chombo cha tanga kilichopata upepo mzuri. Ndege ya leo inaumaliza umbali huo kwa dakika sita, na hukumu ni ile ile.

Lakini lipo la kuangaliwa. Msafiri huanza kuwa msafiri anapoyaacha majengo ya mji wake. Uwanja wa Julius Nyerere uko Kipawa, na mji umeuzunguka pande zote na kuupita. Kwa msingi huo mkazi wa Dar es Salaam aliyekaa uwanjani akisubiri ndege bado yuko mjini kwake, na sala anayoisali hapo ni kamili. Mwenzake aliyetoka Tanga au Morogoro, naye amekaa kiti cha jirani, ni msafiri tangu alipouacha mji wake, na anaweza kukusuru. Watu wawili katika ukumbi mmoja, wenye tiketi za ndege moja, hukumu zao ni mbili.

Mstari usioonekana

Tumefika kwenye lile lililotufanya tuandike. Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Ibn Abbas katika hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, aliweka mahali pa kuhirimia: Dhul-Hulayfa kwa watu wa Madina, Juhfa kwa watu wa Sham, Qarn al-Manazil kwa watu wa Najd, na Yalamlam kwa watu wa Yemen; na mahali hapo ni pa wenyeji wake na wa kila apitaye hapo kwa nia ya Hija au Umra. Kisha watu wa Iraki walipomlalamikia Sayyidna Umar kwamba Qarn imekaa kando ya njia yao, aliwaambia watazame mahali panapolingana nayo katika njia yao wenyewe. Hapo ndipo ilipotoka kanuni ya kulingana na mikati, na abiria wa ndege anaihitaji kanuni hiyo kuliko mtu mwingine yeyote. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, lilipitisha kwamba anayekuja kwa ndege analazimika kuhirimia anapolingana na mikati, angani huko huko, na asingoje kutua.

Ndege yetu itokayo kusini, iwe imetoka hapa moja kwa moja au imepitia Addis Ababa au Nairobi, inapanda juu ya Bahari ya Sham na mikati ya kwanza inayolingana nayo ni Yalamlam, iliyoko kusini mwa Makka kwa takriban kilomita mia moja. Kutoka pwani ya Eritrea hadi Jeddah ni kilomita 600 na ushei, karibu robo tatu ya saa kwa mwendo wa ndege. Ndani ya robo tatu hiyo ndimo mstari huo unamopitwa, na baada ya kupitwa hubaki muda usiozidi nusu saa kabla ya magurudumu kugusa ardhi. Ikimbiapo kilomita 850 kwa saa, ndege inakata kilomita 14 kila dakika. Marhala moja, mwendo wa kutwa nzima wa ngamia mwenye mzigo, inakwisha kwa dakika tatu. Mtu anayeingia chooni kubadili nguo baada ya kusikia tangazo, akakuta watu watano mbele yake, atatoka akiwa amekwisha kuuvuka mpaka.

Wapo wanazuoni wa Kishafii, akiwemo Ibn Hajar al-Haytami wa karne ya kumi ya Hijria, walioona kwamba ajaye kwa njia ya bahari kutoka Yemen anaweza kuchelewesha ihramu hadi Jeddah, kwa hoja kwamba umbali wa Jeddah na Makka unalingana na wa Yalamlam na Makka. Wengine katika madhehebu hayo hayo hawakukubaliana naye. Tumelitaja ili mtu aliyekwisha kupitwa asikate tamaa kabla ya kumwendea sheikh wake. Lakini kujipangia tangu nyumbani kuingia katika khitilafu, ilhali njia ya kutoka humo ipo na haigharimu chochote, kwa maoni yetu si busara. Kwa kauli ya wengi, aliyevuka mikati bila ihramu na hakurudi, juu yake ni kuchinja mnyama. Kwa mjane aliyeweka akiba miaka kumi na miwili kwa kuuza vitumbua, bei ya mbuzi mmoja huko si jambo dogo.

Njia yenyewe ni hii. Kuvaa ni jambo moja na kunuia ni jingine. Shuka mbili za mwanamume hazimfanyi kuwa katika ihramu mpaka anuie, kama ambavyo mwanamke huhirimia ndani ya nguo zake za kawaida za stara. Basi mwanamume avae nyumbani au uwanjani, au walau abebe shuka zake kwenye mkoba wa mkononi. Kila msimu hutokea mtu aliyezifunga ndani ya sanduku kubwa, na sanduku liko chini, kwenye tumbo la ndege, haliwezi kufikiwa. Nia aiache hadi angani. Kuhirimia kabla ya mikati kunaruhusiwa, lakini anayenuia Dar es Salaam kisha ndege ikaahirishwa hadi kesho atalala uwanjani akiwa na makatazo yote ya ihramu juu yake. Atazame saa ya kutua iliyoandikwa kwenye tiketi, atoe saa moja, na kuanzia wakati huo awe macho, amevaa, na ametulia kitini. Tangazo la wahudumu wa ndege likija, anuie na alete talbiya. Lisipokuja, au likija kwa lugha asiyoielewa, asilisubiri, anuie kabla ya nusu saa ya mwisho kuingia.

Na anayebadili njia ajue amebadili mikati. Aliyepitia Dubai au Doha anaingia kutoka mashariki, juu ya Najd, na mikati yake ni Qarn al-Manazil, karibu na Taif. Aliyepitia Cairo anashuka kutoka kaskazini na kulingana na Juhfa, jirani na Rabigh. Aliyekata tiketi ya kwenda Madina kwanza, ambako ni takriban kilomita 3,480 kutoka Dar es Salaam, hana haja ya ihramu ndani ya ndege hiyo kabisa. Atahirimia Dhul-Hulayfa siku atakayoondoka Madina kwenda Makka. Hutokea mume na mke, au ndugu wawili wa nyumba moja, wakapata nafasi katika ndege mbili za njia tofauti. Yule wa pili asiige saa za yule wa kwanza kwa simu.

Kwa wanaokwenda Umra ya Ramadhani, na ndege yao ikawa angani jua likizama, ipo tofauti nyingine inayotokana na kimo. Ndege ikiwa juu kilomita kumi na moja, abiria huendelea kuliona jua kwa zaidi ya dakika kumi baada ya watu walio ardhini chini yake kufuturu. Wanazuoni wa zama zetu walioulizwa wamesema kwamba aliye angani hufuata jua analoliona yeye, wala hafuturu kwa saa ya mji unaopitwa chini.

Juu ya wazee tuna maneno machache. Dawa za kisukari na za shinikizo la damu ziwe mkobani, si kwenye sanduku. Katika saa nne mtu anyanyuke mara mbili au tatu atembee kati ya viti, kwani kukaa muda mrefu bila kuinyosha miguu huweza kugandisha damu miguuni. Anywe maji, hata kama anachelea kwenda chooni.

Kutua nako si kufika. Pale Jeddah kuna kukaguliwa pasipoti, kusubiri mizigo na kupangwa katika mabasi, na Makka iko mbele kwa chini kidogo ya kilomita mia moja za barabara. Katika msimu wa Hija, hayo peke yake yanaweza kuchukua saa nyingi kuliko zile nne za angani. Aliyeahidiwa na watu wa kikundi chake kwamba atatufu asubuhi hiyo hiyo aipokee ahadi hiyo kwa tahadhari, na awaambie waliobaki nyumbani wasingoje simu yake mapema.

Kurudi ni kilomita zile zile na saa zile zile, bila mikati ya kuangalia. Kilichogeuka ni kibla. Sasa kiko nyuma ya mkia wa ndege, na aliyekaa kitini amekipa mgongo, basi anayetaka kusali sala ya faradhi njiani atafute nafasi ya kusimama akielekea nyuma, karibu na jiko la wahudumu wakimruhusu. La sivyo ajumuishe Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha, kabla ya kupanda, maana pale Jeddah yeye ni msafiri. Mkazi wa Dar es Salaam akishuka Kipawa ameingia mjini kwake, na sala itakayomkuta akingojea mizigo yake ataisali rakaa kamili.